Neno la Zamani Shingoni mwa Nkwimba

Ruvuma, Jumatatu mchana

Baba Kabula, mume wangu,

Mwadila. Nakusalimu kutoka huku mwisho wa nchi, ambako ukiwauliza watu Bariadi iko wapi wanainua kidevu kuelekea kaskazini na kusema, "Kulee kwa Wasukuma," kama vile sisi wote tunakaa uani mwa nyumba moja. Mgongo wako unaendeleaje? Pamba imeshika au mmerudia kupanda? Majaruba ya mpunga kule bondeni yamepata maji? Ukinijibu nijibu yote, hata yale unayoona ni madogo, maana huku napika kwenye jiko la watu lakini roho imebaki kwenye mafiga yangu ya Ngulyati.

Sisi huku ni wazima. Mtoto mchanga wa Kabula ameanza kucheka na watu. Mashavu yake ni ya kwetu, si ya kule Binza kwa akina baba yake, na mkwe wetu nimemwambia hivyo mbele ya uso wake. Na Kabula nikuambie nini? Ukitembea na mimi kutoka nyumba za wafanyakazi mpaka hospitalini hutafika mapema. "Shikamoo Mama Daktari." "Mama Daktari, mjukuu hajambo?" Juzi mwanamke mmoja alinipisha kwenye foleni ya maji na wala sikumwomba. Nilikataa kidogo, halafu nikachota. Mtoto niliyemzaa kwenye nyumba ya nyasi, aliyesoma kwa kibatari mpaka pua zikawa nyeusi, leo akiingia wodini watu wazima wanakaa vizuri vitandani. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Lakini leo sikuandikii sifa, nakuandikia woga.

Jana kwenye simu ya katekista uliniambia, "Andika, Mama Kabula. Kaka haamini sauti, anaamini karatasi. Tena daktari agonge muhuri." Nilikasirika, nikasema huyu mwanamume mtoto anaumwa yeye anataka barua. Baadaye nikaona umesema kweli. Jumamosi nilipompigia kaka yako mwenyewe, shemeji Maduhu, ulikuwepo. Aliweka simu sauti kubwa ili mji mzima usikie. Akasema mjukuu wetu Nkwimba ametupiwa kitu, mganga ameshamshika shingo, na Jumamosi hii inayokuja anakuja na wembe kuyakata yale mavimbe ili uchafu utoke. Nikamwambia Kabula ameiona picha, anahofia ni kifua kikuu cha tezi. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, kifua kiko hapa, shingo iko hapa. Tangu lini kifua kikapanda ngazi?" Mkacheka wote. Na wewe ulicheka, Baba Kabula. Usikatae, kicheko chako nimeishi nacho tangu sina mvi.

Kwa hiyo karatasi ndiyo hii. Kesho alfajiri inapanda basi, na Alhamisi katekista ataipokea stendi ya Bariadi na kukuletea mkononi. Isome yote peke yako kwanza, polepole, halafu kamsomee kaka yako.

Nianze na nilichokiona, maana nisingekiona nisingeogopa namna hii.

Kila siku saa nne nampeleka mtoto mchanga hospitalini anyonye. Ijumaa Kabula alikuwa bado na wagonjwa, nikaambiwa nisubiri kwenye chumba cha Sista Filotea. Huyu ni sista mzee, amestaafu uuguzi, sasa anatunza vitabu vya zamani vya hospitali, vile walivyoandika masista wa Ulaya walioanza hapa. Mezani alikuwa na kitabu kikubwa cheusi, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

"Mama Daktari, unajua kusoma?"

"Nimemaliza darasa la saba, Sista. Tena nilikuwa wa tatu."

"Basi nisaidie mstari huu, macho yangu leo yamegoma."

Nikamsomea. Jina la mtoto, umri miaka mitano, kijiji chake, halafu neno moja ambalo ilibidi nilishike herufi kwa herufi kama mtu anayevuka mto kwa mawe: scrofula. Nikashuka mstari wa chini, mtoto mwingine, neno lile lile. Nikageuza ukurasa, likanifuata. Na pembeni ya majina mengine kulikuwa na msalaba mdogo wa wino.

"Sista, huyu skrofula ni mtu au ni ugonjwa?"

Akacheka, anakosa meno mawili lakini anacheka vizuri. Akaniambia ni ugonjwa, na neno lenyewe ni la Kilatini, limezeeka kuliko yeye, madaktari wa siku hizi hawaliandiki tena. Wao wanaandika kifua kikuu cha tezi. "Skrofa," akasema, "ni nguruwe jike, yule wa kuzaa. Skrofula ni nguruwe jike mdogo."

"Sasa nguruwe ameingiaje wodini?"

Akachukua fimbo yake, akanipeleka nyuma ya jiko la masista, nimebeba mtoto mgongoni. Wewe unajua sisi na nguruwe, kwetu ni ng'ombe tu, lakini huku kila nyumba ina banda. Nguruwe jike alikuwa amelala ubavu, na watoto wake wamejipanga kwenye ziwa wananyonya, mmoja kando ya mwenzake, migongo ya mviringo imebanana.

"Waangalie," Sista akasema. "Mtu wa kale alimwona mgonjwa ana mavimbe shingoni, yamejipanga hivyo hivyo chini ya ngozi. Akasema, huyu ana vinguruwe shingoni. Wengine wanasema jina limetoka kwenye mgongo wa nguruwe, ulivyo na matuta. Wengine wanasema walidhani nguruwe ndio wanaougua sana. Mimi sikuwepo, nakwambia nilivyofundishwa."

Nikacheka. Nikafikiria nitakavyowasimulia akina mama wa jumuiya nikirudi, kwamba mimi wa Ngulyati nimefundishwa Kilatini bandani. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu vidole vyangu vilikumbuka kabla yangu, Baba Kabula. Wiki ya mwisho kabla sijapanda basi kuja huku nilimwogesha Nkwimba. Ni yule mtoto ambaye mwanetu Masanja alituachia ana miezi minane, mama yake alipoolewa kwingine, akaniita mimi mama kabla hajajua kuita bibi. Nilipomsugua chini ya taya nilikuta vitu vitatu. Vya mviringo, vimejipanga. Nikivisukuma vinasogea, na yeye halii. Nikasema mafindofindo hayo. Nikapasha chumvi moto kwenye kitambaa, nikamkanda, nikafunga mzigo wangu, nikaja kumpakata mjukuu mwingine.

Nikamuuliza Sista ile misalaba ni ya nini.

"Hao walikufa."

"Kwa vinguruwe vya shingoni?"

"Wakati ule dawa haikuwepo, mama. Wengine waliletwa wamechelewa. Wengine waliletwa wameshakatwa nyumbani. Ukiukata huu kwa wembe hujautoa, umeufungulia mlango. Kidonda kinatoa maji, kinajifunga, kinafunguka tena, mwaka hadi mwaka, mpaka mtoto anajificha watu wasimwone shingo. Nimewauguza wa mwisho wao mimi, kwa mikono hii."

Hapo msomee kaka yako mara mbili.

Na hili pia msomee, maana najua atasema ni dharau za wasomi kwa watu wa kijijini. Sista aliniambia zamani kule Ulaya wenyewe waliuita ugonjwa wa mfalme. Watu walipanga foleni, wazee na watoto, wakasubiri mfalme awaguse shingo wapone. Mfalme mzima, na taji lake, anapapasa shingo za wagonjwa! Kwa hiyo mwambie shemeji hata Wazungu walikuwa na mganga wao, tena anakaa kwenye kasri. Aliwagusa, wakashukuru, wakarudi kwao na vinguruwe vyao. Hatuwacheki. Hawakuwa na dawa. Sisi tunayo Bariadi pale, tena hailipiwi, halafu tunanoa wembe.

Nilimkimbilia Kabula na mtoto mgongoni nikamweleza. Hakunigombeza. Akampigia katekista, akamwomba apige picha ya shingo ya Nkwimba. Mchana ikaingia. Unajua Kabula akiogopa anavyokuwa, tangu mdogo: anakunja mdomo. Aliikuza ile picha kwa vidole, akaikuza, mpaka ikawa ngozi tupu.

"Mama, amepungua?"

"Shingo imekuwa nyembamba, naona."

"Jioni anatoka jasho?"

Sikujua. Niko mbali, nitajuaje? Wewe unajua? Tafadhali umwambie daktari wa Bariadi.

Akasema hawezi kuapa kwa picha. Yako magonjwa mengine yanayovimbisha shingo, ndiyo maana lazima apimwe, wachukue maji kidogo ya lile vimbe kwa sindano, wapige na picha ya kifua. Ukiwa ndio huo, ni vidonge miezi sita, kila siku bila kuruka, na mtoto anapona. Neno "anapona" alilisema waziwazi, nimekuandikia kama lilivyo. Lakini asikatwe.

Halafu akaniuliza, "Anakunywa maziwa ya nani?"

Nikasema, ya Digrii.

Hapa nimesimamisha kalamu muda mrefu. Mtoto amelia nimembembeleza, nimechambua mchele ambao hauna hata jiwe moja, nimerudi. Naandika.

Digrii unamjua, lakini acha nimwandike. Yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, aliyekuja kwenye mahari ya Kabula siku zizi lilipojaa mpaka tukaazima la jirani. Mimi ndiye niliyempa jina. Nilisema wanawake wa Ngulyati wakinisikia nikiita "Digrii! Digrii!" wajue amekuja kwa kichwa cha nani. Na Nkwimba nimemkuza kwa ng'ombe huyo. Kila mgeni nilimwonyesha: angalieni mtoto huyu, aliletwa kama kifaranga, maziwa ya Digrii yamemnyanyua, anayanywa na povu lake, yana joto la ziwa. Nilimsifia ng'ombe, nikamsifia mtoto, nikajisifia na mimi.

Kabula akauliza, "Mnachemsha? Ng'ombe naye huugua kifua kikuu, na maziwa mabichi humpa mtoto."

Nikajibu, "Tunachemsha."

Nilidanganya. Wewe unajua nilidanganya, maana umekaa kwenye kigoda kile kile ukinywa na wewe. Ile sufuria kubwa aliyotununulia Kabula mwaka aliomaliza chuo, akaniambia, "Mama, hii ni ya maziwa tu, yapande mara moja kabla hamjanywa," nimepikia pilau la wageni, nimepikia Komunyo ya Kwanza, maziwa hayajawahi kuguswa na moto. Mama yako marehemu ndiye aliyenifundisha siku ya kwanza nilipoingia kwenye mji wenu: ukiyachemsha maziwa unamchoma ng'ombe ziwa, linakauka. Sitamlaumu, alinipa alichopewa. Lakini mimi nilikuwa na mtoto daktari! Kila mtu kanisani anajua nina mtoto daktari. Nimewatangazia mpaka wamechoka. Halafu daktari mwenyewe akaniambia jambo moja, dogo, la kuwasha moto tu, sikulifanya, kwa sababu nilipenda povu.

Na uongo ule haukukaa mahali pake. Kabula aliposikia tunachemsha alishusha pumzi, akasema, "Afadhali. Basi tumwache ng'ombe kwanza, tutafute mtu anayekohoa hapo nyumbani." Nami nikasema haraka haraka, kama mtoto aliyevunja chungu, "Shemeji Maduhu anakohoa, lakini ni ya tumbaku." Ndiyo maana Jumamosi nilimwambia aende yeye wa kwanza akapimwe. Unakumbuka alivyoacha kucheka. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemroga mtoto, ila mmebadilisha jina?" Tangu hapo ameapa wembe utafanya kazi Jumamosi, ili mganga amsafishe jina. Baba Kabula, wembe ule nimeunoa mimi kutoka huku.

Nimeona siwezi kufunga bahasha hivi. Subiri, Kabula amerudi.

Nimerudi na mimi. Sasa ni jioni, taa zimewaka, na mambo yamekwisha kusemwa.

Nilimkuta anavua viatu. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana ningekaa ningetafuta maneno mengine. "Kabula, maziwa hatukuchemsha. Hata siku moja."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Na ile sufuria?"

"Ya pilau."

Nilitaka apige kelele. Wewe ungepiga kelele ningejibu tukamaliza. Yeye aliweka kiatu chini, akanawa mikono, akanikalisha kitandani, akaanza kunipapasa shingo. Polepole, chini ya masikio, chini ya taya, hapa juu ya mfupa wa bega. Vidole vya baridi. Akawa ananiuliza kama mgonjwa wa kutoka mbali: "Unakohoa? Homa za jioni? Umepungua?"

"Nimepungua wapi, ng'wanawane, mwanangu, gauni zote zinanibana."

Hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono inaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipomwogopa mtoto wangu mwenyewe, jinsi alivyo daktari. Akasema kwenye shingo yangu hakuti kitu, lakini kesho napimwa pia. Kisha akachukua ile karatasi ya muhuri aliyokuwa ameshaandika, akaichana vipande vinne.

"Hiyo ingewapoteza, mama. Ingewaambia maziwa hayahusiki."

Ameandika nyingine. Ndiyo hiyo iliyokunjwa ndani, ina muhuri wa bluu. Sijui Kiingereza chake chote lakini neno la maziwa nimelitambua, limepigwa mstari chini. Mpe daktari mkononi. Kabula anasema wote tunaokunywa maziwa ya zizi lile tukapimwe, wewe, mke wa shemeji, watoto wote, na shemeji pia kama wengine. Afisa mifugo aitwe ampime Digrii na wenzake. Akikutwa na ugonjwa, msimfiche, na msimpeleke mnadani akamwambukize mtoto wa mwingine. Najua ni ng'ombe wa mahari. Najua watu watasema mkwe alileta ugonjwa. Waseme. Na kuanzia utakapomaliza kusoma, maziwa yote jikoni, yapande, yachemke kweli kweli. Atakayeuliza kuhusu ziwa kukauka mwambie Mama Kabula amesema likauke.

Sasa nisikilize. Barua ikikufikia Alhamisi, Ijumaa asubuhi na mapema mpande pikipiki na Nkwimba mwende hospitali ya Bariadi. Mfunike shingo kwa kanga yangu ya maua, vumbi la njia lisimkere. Ikichelewa, ukaipata Jumamosi, usimalize hata kuisoma, nenda kwa kaka yako kwa miguu ukimbie, umtoe mtoto mikononi mwao hata kama wembe umeshatoka kwenye karatasi yake. Kaka yako atakasirika. Atakaa mwezi bila kukusalimia. Utanywa naye chai tena, nakuahidi, mimi mwenyewe nitakuja kumpigia magoti. Lakini shingo ya mtoto ikishapasuliwa hakuna wa kumpigia magoti.

Nikifumba macho naona ule ukurasa wa rangi ya chai, na naona mtu anaandika hapo miaka sita, msichana, Ngulyati. Pembeni, pale pa msalaba, panabaki peupe. Naogopa ule weupe, mume wangu. Kabula anasema nisiwaze hivyo, mtoto bado ana nguvu, anakula. Mwambie katekista anipigie tu nisikie sauti ya mtoto, hata akiwa analia sindano.

Nisalimie mke wa shemeji, mwambie ile mbegu ya karanga nimemtafutia. Msalimie katekista, asante yake ya safari ya stendi Mungu ataijibu. Masanja akipiga simu kutoka machimboni mwambieni ukweli wote, asije akausikia njiani. Wasalimie akina mama wa jumuiya. Wakiuliza habari za daktari wangu, waambie ni mzima, basi, yatosha. Nkwimba mbusu kichwani. Mwambie bibi anakuja mtoto mchanga akianza kukaa.

Na hili la mwisho. Mwanzoni nilitaka ukurasa wa Digrii uuchane, usimsomee kaka yako, nikasema mwanamke gani anayetangaza aibu yake kwenye mji wa wakwe zake. Sasa nasema msomee. Akusanye watu kama alivyowakusanya kwenye simu, wakae, wasikie kwamba hakuna aliyemtupia mtoto kitu, na kwamba kikohozi chake nilikitaja mimi ili nifiche maziwa yangu. Na ukifika pale nilipoandika kwamba nilidanganya, usishushe sauti.

Ni mimi mkeo,
Mama Kabula